Shaha: Njia ya Jina la Mfalme Hadi Meza ya Hesabu

Mjerumani huuita mchezo wa sataranji Schach. Mwitaliano husema scacchi, Mfaransa échecs, Mholanzi schaak, Mpolandi szachy, Mhungaria sakk, Mrusi shakhmaty, Mwingereza chess. Lugha hizi hazina chimbuko moja. Kihungaria hakina udugu na Kijerumani, na Kirusi kiliachana na Kiitaliano maelfu ya miaka iliyopita. Hata hivyo, mbele ya ubao wa miraba 64 zote hutamka neno lilelile, kila moja kwa lafudhi yake. Neno hilo ni shah, cheo cha mfalme wa Uajemi, ambalo sisi tunalitamka shaha.

Neno hilo halikubaki mchezoni. Wafaransa walilitumia kuitia jina hali ya kushindwa. Waingereza walipata kwalo check, yaani kuzuia na kukagua, wakapata pia Exchequer, jina la hazina ya taifa lao, na cheque, ile karatasi ya benki tunayoiita hundi. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayemwambia mwenzake "nicheki baadaye" naye yumo katika ukoo huo, ajue asijue.

Nataka tuifuate njia hiyo tangu kwenye jabali la magharibi mwa Iran mpaka kwenye vitabu vya sheria vya nchi zetu. Ninachokiona njiani ni habari ya madaraka. Cheo cha mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza swali kilipita mikono mingi, na mwisho wake kikawa neno la kuuliza maswali.

Jabali la Bisutun

Kwenye barabara ya kale inayounganisha Iraq na nyanda za juu za Iran, karibu na mji wa Kermanshah, kuna mlima uitwao Bisutun. Juu kabisa ubavuni mwake, mahali ambapo mpita njia hawezi kupagusa, Dario wa Kwanza aliyetwaa ufalme mwaka 522 KK aliamuru ichongwe habari ya ushindi wake. Amechongwa amesimama, mguu mmoja juu ya kifua cha adui aliyelala chali. Mbele yake wamepangwa wafalme tisa waasi, mikono imefungwa nyuma, kamba moja ikipita shingo hadi shingo. Maandishi yamewekwa kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli.

Katika Kiajemi hicho cha kale, Dario anajitambulisha kuwa khshayathiya, yaani mfalme, na pia mfalme wa wafalme. Mzizi wa neno hilo maana yake ni kutawala, na ni ndugu wa kshatriya la Kisanskriti, jina la tabaka la watawala na wapiganaji wa Bara Hindi. Ndimi za watu ziliendelea kulisugua kwa karne nyingi mpaka likabaki silabi moja tu, shah. Hata jina la mji wa Kermanshah ulio jirani lina shah ndani yake.

Ujumbe wa jabali lile hauna utata. Dario anasema ufalme amepewa na Mungu wake, Ahuramazda, na waliompinga anawataja mmoja mmoja pamoja na adhabu alizowapa. Hapakuwa na meza ya kumkalisha shah huyo akatoa maelezo. Mtu alimjia shah ili aamriwe, aadhibiwe au asamehewe.

Mchezo ambao mfalme haliwi

Sataranji yenyewe ilitoka Bara Hindi, ambako katika karne ya 6 BK tayari ulikuwapo mchezo ulioitwa chaturanga. Maana yake ni viungo vinne, na viungo hivyo ni vya jeshi: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Waajemi waliupokea wakauita chatrang. Kitabu kifupi cha lugha ya Kipahlawi kinasimulia kwamba mfalme mmoja wa Bara Hindi alimpelekea shah Khosrow Anushirvan, aliyetawala kuanzia 531 hadi 579, kete 16 za zumaridi na 16 za yakuti pasipo maelezo yoyote, akataka kujua kama Uajemi ina mtu wa kulifumbua fumbo lile. Waziri Bozorgmehr akalifumbua, kisha akabuni mchezo wa nardi na kuupeleka Bara Hindi ili nao waumize vichwa.

Simulizi hiyo ni ya kujisifu. Ipo nyingine yenye uzito zaidi, ambayo mshairi Ferdowsi aliiweka katika Shahnameh, utenzi mkuu wa Waajemi alioukamilisha mwaka 1010. Ndugu wawili wa mama mmoja, Gav na Talhand, waligombea ufalme huko Bara Hindi. Vita vilipopamba moto, jeshi la Talhand likasambaratika, naye akakutwa amekufa juu ya mgongo wa tembo wake bila jeraha la upanga wala mshale. Mama yao hakusadiki. Alimtuhumu Gav kwa kumwua ndugu yake. Ndipo wenye hekima walipotengeneza ubao, wakapanga majeshi mawili, wakamwonyesha mama hatua kwa hatua jinsi mwanawe alivyozingirwa, njia zote zikafungwa, akafa kwa uchovu na kukata tamaa.

Ndani ya kisa hicho imo kanuni inayoitofautisha sataranji na michezo mingine ya kete. Kete zote huliwa na kuondolewa ubaoni isipokuwa mfalme. Anayemtisha mfalme wa mwenzake humwonya kwa kutamka cheo chake: shah! Mwenzake lazima amwokoe kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Akikosa pa kwenda, hutamkwa shah mat. Katika Kiajemi, mat maana yake ni aliyeishiwa, asiye na la kufanya. Waarabu walipoupokea mchezo huo walisikia ndani yake kitenzi chao mata, amekufa, chenye mzizi uleule uliotupa mauti na maiti. Kwa hiyo wengi husema shah mat maana yake ni mfalme amekufa. Kiajemi kinasema mfalme ameishiwa njia, na hivyo ndivyo mchezo wenyewe unavyokwisha: mfalme yu hai, amesimama katika mraba wake, hawezi kufanya lolote.

Tazama basi kilichotokea. Pale Bisutun, cheo hiki kilitamkwa ili watu waogope. Ubaoni kinatamkwa ili mfalme mwenyewe aogope, na anayekitamka huenda ni mwanafunzi au muuza viungo.

Pembe za Zanj

Waarabu waliiteka Uajemi katika karne ya 7. Kiarabu hakina sauti ch, na g ya Kiajemi waliigeuza j, hivyo chatrang ikawa shatranj. Huko Baghdad mchezo ulipata mabingwa wa kulipwa na vitabu vya mafunzo. Abu Bakr al-Suli, aliyefariki mwaka 946, alikuwa mwanahistoria na mwanafasihi, lakini umaarufu wake ulivuma zaidi kwa sababu alimshinda bingwa wa khalifa al-Muktafi. Wanazuoni wa fikihi nao walijadiliana kama mchezo huu unafaa. Wengi waliuharamisha. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, aliuona ni makuruhi ukiwa hauna kamari wala haumpotezei mtu sala.

Hapa njia inapita mlangoni kwetu. Mwaka 916 mwanajiografia al-Masudi wa Baghdad alisafiri kwa jahazi kutoka Qanbalu hadi Oman. Qanbalu ni kisiwa cha pwani ya Zanj ambacho wanahistoria wengi wanakihusisha na Pemba. Katika kitabu chake kiitwacho Muruj al-Dhahab aliandika juu ya tembo wa nchi ya Zanj, jinsi pembe zao zilivyopelekwa Oman, na kutoka huko zikasafirishwa hadi China na Bara Hindi. Kisha akaeleza matumizi yake. Wahindi, alisema, walizitengenezea mipini ya majambia na ala za panga, lakini sehemu kubwa zaidi ilichongwa kete za sataranji na za nardi.

Habari hiyo fupi ina mengi ndani yake. Tembo aliyewindwa bara ya Afrika Mashariki, pembe zake zikabebwa mpaka pwani na kupakiwa jahazini kungoja msimu wa kusi, alimalizikia mikononi mwa fundi wa Gujarati au Sindh akawa shah, waziri, farasi, na tembo mdogo wa kusogezwa kwa vidole viwili. Miaka elfu moja na zaidi iliyopita, watu wa pwani hii walikuwa wakitoa mwili wa mchezo ambao jina lake lilikuwa likielekea Ulaya.

Jina nalo lilitufikia. Kiswahili kimelichukua sataranji kutoka Kiarabu, na shaha kimelipa kazi kadhaa. Kamusi za zamani zinalitaja kuwa ni mfalme katika sataranji. Limetumika kwa kiongozi wa watu, na kwa mshairi aliyewazidi wenzake, shaha wa malenga. Mkwezi naye anajua shaha la mnazi, ule moyo laini mweupe wa kileleni ambao ukikatwa mti mzima unakufa. Kwa mkwezi, kama kwa mchezaji, shaha ni kile kimoja ambacho kikipotea yote yamekwisha.

Kuingia Ulaya

Mchezo uliingia Ulaya kwa milango mitatu. Kwanza Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu, ambako Wahispania na Wareno waliuchukua kwa jina la mchezo mzima, al-shatranj. Ndiyo sababu wao husema ajedrez na xadrez wakati majirani zao wametumia jina la mfalme. Pili, visiwa na bandari za Italia, hasa Sicily iliyokuwa chini ya Waarabu. Tatu, mito ya Urusi, iliyowaunganisha wafanyabiashara wa kaskazini na Uajemi na Baghdad. Warusi waliuchukua pamoja na neno lake la mwisho, wakauita shakhmaty.

Katika Kilatini cha makanisa na mahakama, shah iligeuka scaccus, wingi wake scacci. Mwishoni mwa karne ya 10, mtawa wa Einsiedeln huko Uswisi aliandika shairi la Kilatini la kufundisha mchezo. Mapema katika karne ya 11, Ermengol wa Kwanza, mtawala wa Urgell kaskazini mwa Hispania, aliacha wasia kwamba kete zake za sataranji zipewe kanisa la Saint-Gilles. Kutoka scacci, Kifaransa cha kale kikapata eschec, wingi wake esches, na Wanormandi walioiteka Uingereza mwaka 1066 wakavuka nalo. Eschec likawa check. Esches likawa chess. Maneno mawili ambayo Mwingereza wa leo huyaona hayahusiani ni umoja na wingi wa neno moja.

Shah alibaki mfalme popote alipofika, lakini baraza lake lilibadilika. Kando yake Waajemi walikuwa wamemweka farzin, mshauri, mwanamume. Katika shairi lile la Einsiedeln mahali hapo tayari ameketi malkia. Kwa karne kadhaa aliendelea kutembea hatua moja tu ya kimshazari, kama mshauri aliyemtangulia. Katika robo ya mwisho ya karne ya 15, huko Valencia, kanuni ikabadilika, naye akawa kete yenye nguvu kupita zote. Tembo, kwa Kiarabu al-fil, jina ambalo kila aliyepitia chuoni analijua kutokana na Sura ya Ndovu, alibaki alfil kwa Wahispania. Kete zake za Kiislamu hazikuwa na sura ya mnyama, ila vichomozi viwili vya kuashiria pembe. Waingereza waliviona vile vichomozi wakadhani ni kofia ya askofu, na mpaka leo wanamwita askofu.

Mabadiliko hayo yanaonekana waziwazi katika kete zilizopatikana mwaka 1831 mchangani katika kisiwa cha Lewis, Uskochi. Zilichongwa katika karne ya 12, na wataalamu wengi wanaitaja Trondheim, Norway, kuwa ndiko zilikotoka. Nyingi ni za pembe za walarasi, mnyama wa bahari ya barafu, kwa kuwa pembe za tembo zilikuwa adimu kule kaskazini. Leo 82 ziko Makumbusho ya Uingereza, London, na 11 Edinburgh. Mfalme wa Lewis ameketi kwenye kiti cha enzi, upanga amelaza magotini na kuushika kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Malkia ameweka kiganja shavuni, mtu aliyesikia habari asiyoipenda. Askari wachache wameng'ata ncha ya ngao zao kwa ghadhabu. Aliyemchonga mfalme huyu alimpa uso wa mtu anayejua kwamba wakati wowote atasikia jina lake likitamkwa.

Kutoka onyo hadi kizuizi

Neno likishatumika kila siku kumsimamisha mfalme, haliwi gumu kulitumia kusimamisha mambo mengine. Kifaransa kilichukua upande wa maumivu: échec ni kushindwa, iwe mtihani, biashara au ndoa. Kijerumani kilichukua mat, na matt ikawa hali ya mtu aliyechoka, aliyeishiwa nguvu, maana iliyo karibu sana na Kiajemi chenyewe. Kiingereza kilichukua upande wa onyo. Check ilianza kuwa ni kumtishia mfalme ubaoni, ikawa kusimamisha au kuzuia kitu chochote kinachokwenda, na kufikia karne ya 17 ikawa pia kuhakikisha kwamba kitu kiko sawa.

Maana hiyo ya kuzuia ndiyo iliyoingia katika siasa. Wamarekani walipokuwa wakiitetea katiba yao mpya mwaka 1787 na 1788, Alexander Hamilton na James Madison walieleza jinsi kila mhimili wa dola utakavyoweza kuuzuia mwingine, na neno walilolitumia kwa kizuizi hicho ni check. Watu waliokuwa wametoka kumkataa mfalme wa Uingereza walitumia cheo cha mfalme wa Uajemi kusema kwamba mamlaka lazima yawe na mpaka.

Meza ya Westminster

Kabla ya hapo neno lilikuwa limekwisha kuingia katika fedha za umma, na hapa inafaa tukae, kwa sababu tuna maelezo ya mtu aliyekuwapo. Richard FitzNigel alikuwa mweka hazina wa Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, na baadaye askofu wa London. Anaeleza kwamba katika mwaka wa 23 wa utawala wa Henry, sawa na 1177, alikuwa ameketi dirishani kwenye mnara kando ya mto Thames, mtu akamsihi aandike anayoyajua kabla hayajapotea. Akaandika kitabu cha maswali na majibu kati ya mwalimu na mwanafunzi, Dialogus de Scaccario, yaani mazungumzo juu ya ubao wa sataranji.

Ubao huo ulikuwa meza. Urefu wake futi 10, upana futi 5, ukingo wake umeinuliwa vidole vinne ili kilichowekwa kisidondoke. Juu yake kilitandikwa kitambaa kilichonunuliwa kila mwaka kwenye kikao cha Pasaka, cheusi, chenye mistari iliyoachana kiasi cha futi moja au shubiri moja. Miraba hiyo ndiyo iliyoipa meza jina la ubao wa sataranji, kwa Kilatini scaccarium, kwa Kifaransa eschequier, na Waingereza wakaja kusema Exchequer.

Kazi yake ilikuwa hesabu. Uingereza wakati ule iliandika namba za Kirumi, na mtu hawezi kutoa au kujumlisha kwa namba hizo bila taabu. Kwa hiyo hesabu zilifanywa kwa kete. Kuanzia mkono wa kulia wa karani, safu ya kwanza ilikuwa ya peni, ya pili shilingi, ya tatu pauni, ya nne pauni ishirini ishirini, ya tano mamia, ya sita maelfu. Kiasi kinachodaiwa kilipangwa juu, kilicholipwa kikapangwa chini, kisha kete zikaondolewa mbele ya macho ya wote. Upande mmoja walikaa wakuu wa mfalme. Upande wa pili aliketi sherifu, aliyekusanya kodi za wilaya yake na ambaye huenda hakusoma Kilatini hata herufi moja. Hakuhitaji kusoma. Aliliona deni lake kwa macho. FitzNigel anakiri kwamba jina la sataranji linafaa pia kwa sababu nyingine: pale mezani hupambana wawili, mweka hazina na sherifu, na wengine wote huketi wakitazama na kuamua.

Risiti ya malipo ilikuwa kijiti. Kilichanjwa kulingana na kiasi: pauni elfu moja, mkato wa upana wa kiganja, pauni mia, upana wa dole gumba, pauni ishirini, kidole cha mwisho, pauni moja, unene wa punje ya shayiri, shilingi, chini ya hapo, peni, chale tu isiyoondoa ubao. Kisha kijiti kilipasuliwa katikati kwa urefu wake. Mlipaji alichukua kipande kimoja, hazina ikabaki na kingine. Siku ya kukaguliwa vipande viliunganishwa, na kama chanjo hazikukutana, mmoja wao alikuwa amedanganya. Vijiti hivyo vilitumika mpaka mwaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 shehena yake ilitiwa katika majiko yaliyokuwa chini ya Bunge la Mabwana, moto ukawashinda, na sehemu kubwa ya jengo la Bunge la Uingereza ikateketea.

Tusiipambe meza hii kupita kiasi. Ilimhoji sherifu kwa niaba ya mfalme, na mfalme mwenyewe hakuketi upande wa pili. Henry angeweza kuzitumia zile pauni kwa vita vya Ufaransa, na hakuna karani ambaye angempangia kete. Ilichukua karne nyingi za mivutano kati ya wafalme na mabunge kuligeuza swali lielekezwe juu. Mwaka 1861 Bunge la Uingereza liliunda kamati ya kudumu ya hesabu za serikali. Mwaka 1866, kwa juhudi za William Gladstone aliyekuwa waziri wa fedha kwa miaka mingi, ikapitishwa sheria ya hazina na ukaguzi iliyomweka mdhibiti na mkaguzi mkuu, anayepeleka taarifa zake bungeni. Tangu hapo serikali ya mfalme ndiyo iliyoketi upande wa sherifu.

Hundi na mzozo wake

Neno la benki lilizaliwa katika mazingira hayohayo. Katika karne ya 18 Waingereza waliita check kile kishina kinachobaki kitabuni baada ya karatasi ya malipo kukatwa, kwa sababu kilikuwa kizuizi cha udanganyifu, kama kile kipande cha kijiti. Baadaye jina likahamia kwenye karatasi yenyewe. Tahajia cheque ilikuja kwa kuigiza Exchequer, na Wamarekani wamebaki na check. Wafaransa wakalichukua kutoka Uingereza, Wajerumani wakaandika Scheck.

Kuna maelezo mengine yanayopendwa sana, kwamba cheque imetokana na sakk ya Kiarabu, hati ya kuahidi malipo iliyotumika na wafanyabiashara wa zama za Abbasi. Sakk ilikuwapo kweli, na biashara ya Bahari ya Hindi iliendeshwa kwa hati za namna hiyo zamani. Lakini kamusi kubwa za historia ya Kiingereza zinapitia check, kwa kuwa maana ya kishina na kizuizi inaonekana katika maandishi ya Kiingereza kabla ya maana ya hati ya malipo. Naona ni vyema tuufuate ushahidi huo, nasi hatupungukiwi na kitu: njia ya check nayo inapita Baghdad.

Sisi karatasi hiyo tumeipa jina jingine. Hundi ni neno la wafanyabiashara wa Kihindi, waliotumia hati hizo Zanzibar na pwani nzima katika karne ya 19, wakati wenye mitaji wa Kutch walipokuwa wakikodi hata ushuru wa forodha wa Sultani. Jina lake limefika pwani hii kwa majahazi na pepo zilezile zilizochukua pembe za Zanj.

Swali lililotufikia

Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilipotunga sheria za fedha za makoloni yake, ilikuja na meza ya Westminster mkobani. Kenya ilipata sheria ya Exchequer na ukaguzi mwaka 1955. Tanganyika ilipata yake mwaka 1961, mwaka wa uhuru, nayo ikadumu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Fedha za Umma ya 2001. Maofisa wetu bado hulitamka neno hilo kila fedha zinapotoka hazina kwenda wizarani au katika kaunti. Wachache wao wanajua kwamba wanataja ubao wa sataranji.

Kilichomo ndani ya neno tumekiweka katika katiba kwa lugha yetu. Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ahakikishe kwamba fedha zinazotoka Mfuko Mkuu wa Hazina zimeidhinishwa, na kwamba zimetumika kwa shughuli iliyokusudiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 228 na 229, imezigawa kazi hizo kwa ofisi mbili: mmoja huidhinisha fedha kabla hazijatoka, mwingine huzikagua baadaye. Kamati za hesabu za mabunge yote mawili huwaita maofisa wakajieleze, kama sherifu alivyoitwa mbele ya kitambaa cheusi.

Taarifa za wakaguzi hao hutoka kila mwaka, na kila mwaka huonyesha mahali ambapo kete za juu na za chini hazilingani. Magazeti huzibeba wiki moja au mbili, kisha habari nyingine huzifunika. Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi. Sherifu wa karne ya 12 alitoa jasho kwa sababu hesabu yake ilipangwa hadharani na waliotazama walikaa mpaka kete ya mwisho ikaondolewa. Sheria tunazo, ofisi tunazo, na wakaguzi wengi wanafanya kazi yao kwa uaminifu. Kinachopungua ni watazamaji wa kukaa mpaka mwisho.

Mtu wa kijijini anayesimama katika mkutano na kuuliza fedha za zahanati zimefikia wapi, huku mwenyekiti akimkazia macho, anafanya lile ambalo neno hili limekuwa likilifanya tangu lilipoondoka Bisutun na kupanda ubaoni. Anamtamkia mwenye mamlaka cheo chake na kumtaka ajibu kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Kanuni ya mchezo ni kwamba mfalme aliyeonywa hana ruhusa ya kupuuza, na hakuna sababu ya kanuni hiyo kuishia mchezoni.